Damu ya Kundi Z

Hakimu alikwisha sema neno lake: Ijumaa saa kumi jioni polisi wafike na ushahidi wa kumfungulia Ruhama Teferi mashtaka ya kuua, la sivyo wamwachie arudi kwao. Ijumaa ikafika. Saa mbili asubuhi Inspekta Belaynesh Gutema aliingia chumba cha mahojiano na jalada jembamba kwapani na vikombe viwili vya kahawa mikononi. Kahawa yenyewe nyeusi, maana ilikuwa siku ya mfungo wa kanisa na mpishi wa kituo alishaficha maziwa.

Ruhama alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na moja, mwembamba, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alikuwa amelala mahabusu siku mbili. Hakugusa kahawa.

"Nataka tuanze upya," Belaynesh alisema, akafungua jalada. "Tarehe tatu Pagume, mwisho wa mwaka wetu, kliniki ya uzazi ya Kotebe, hapa hapa Addis Ababa. Mama anaitwa Etagegn, kajifungua salama, kisha damu haikatiki. Saa nne kasorobo asubuhi mkunga Lemlem anaingia kwenye kompyuta, anaagiza chupa mbili kutoka benki ya damu. Skrini inageuka kijani, inaandika: Ombi limepokelewa. Anasubiri. Saa sita anapiga simu kuuliza gari liko wapi. Benki ya damu wanamwambia hawana ombi lolote kutoka kwake. Saa sita na nusu Etagegn amekufa. Mtoto yuko kwa bibi yake."

"Najua, Inspekta. Umenisomea mara nne."

"Programu ile imetengenezwa na kampuni ya Kokeb, ulikokuwa unafanya kazi. Mkurugenzi wako katupa karatasi hii." Akaisukuma mezani. "Orodha ya mabadiliko yote yaliyofanywa kwenye programu. Hili hapa lina jina lako. Tarehe ishirini na tisa Nehase, siku nne kabla ya kifo, siku yako ya mwisho kazini. Hii ni kazi yako?"

"Jina ni langu. Kazi si yangu."

"Kila anayekalia kiti hicho husema hivyo."

"Basi wengine wote uliowakalisha hapa walijua wanashtakiwa kwa nini. Mimi naona hata wewe hujui kilichoandikwa humo."

Belaynesh alimtazama kidogo, kisha akamsogezea kalamu. "Nifundishe. Nieleze kama unavyomweleza mama yako."

"Mama yangu anauza vitunguu soko la Merkato. Anaelewa haraka kuliko watu wa serikali." Hata hivyo aliishika kalamu, akachora visanduku viwili nyuma ya karatasi. "Programu imejengwa kwa vipande tunavyoviita klasi. Kila klasi inajua kazi moja. Hii ya kwanza ni mchanganuzi. Mkunga akijaza fomu, kinachosafiri kwenye mtandao ni mstari mmoja mrefu wa herufi. Mchanganuzi anaupokea na kuukatakata: hili jina la kliniki, hili kundi la damu, hii tarehe. Akikuta kipande asichokielewa anakataa. Analia."

"Na hiki cha pili?"

"Hiki ndicho kinachosikia kilio. Klasi ya makosa ya mtandao. Ni mama mmoja na watoto wake. Kila mtoto ana namba yake: mia nne, ombi halikueleweka. Mia nne na nne, unachokitafuta hakipo. Mia tano na tatu, seva ya upande wa pili imezidiwa. Kila mmoja ana maneno yake, lakini wote wamerithi jambo moja kwa mama yao: kupiga kelele. Skrini inakuwa nyekundu na namba ya simu ya benki ya damu inatokea kwa tarakimu kubwa, ili mkunga ajue papo hapo kwamba hajasikika."

"Sasa nionyeshe kilichobadilishwa."

Ruhama aliweka kidole kwenye karatasi. "Mistari mitatu. Mtu kamshika mama. Kamwambia, kosa lolote watakalokuletea watoto, limeze, halafu mwambie mkunga limepokelewa."

"Anaweza mtu kuandika hivyo kwa kuteleza?"

"Hapana. Kabisa. Aliyeandika hivi alikaa kitini akijua anafanya nini."

Jibu hilo lilimshangaza Belaynesh. Mtuhumiwa mwenye akili angejiachia mlango. Huyu alikuwa anaufunga.

"Mligombana na mkurugenzi. Watu wanne wanasema ulipiga kelele, 'Hii itaua mtu.'"

"Nilisema hivyo. Alitaka nizipunguze zile nyekundu. Kila kosa linahesabiwa na kuonekana kwenye ubao wa ripoti, na wizara inauangalia ubao. Nikamwambia kelele ndiyo kazi yenyewe ya hii klasi, ukiinyamazisha itaua mtu. Nilikuwa naonya. Wao wamekuja kwenu wanasema nilitishia."

"Na tarehe ishirini na tisa ulikuwa wapi?"

"Ofisini. Nilikuwa nafungasha vitu vyangu."

"Uliwasha kompyuta?"

Ruhama aliiweka kalamu mezani. "Niliwasha. Niliandika barua ya kuwaaga wenzangu."

Belaynesh aliandika. Lilikuwa jibu baya, na wote wawili walilijua.

"Inspekta," Ruhama alisema, sauti yake ikiwa imeshuka. "Kwanza jiulize kwa nini lile ombi la Kotebe lilikataliwa. Mkunga wa kliniki ndogo huandika tarehe kwa mkono, kwa kalenda yetu. Siku ile aliandika mwezi wa kumi na tatu, Pagume. Mchanganuzi niliouandika mimi unajua miezi kumi na mitatu. Nimezaliwa hapa hapa, niliufundisha Pagume hata kabla ya Meskerem, mwezi wa kwanza. Kama ulikataa, basi si wangu. Kuna mtu kautoa akaweka mwingine."

"Nani?"

"Sijui, nilishaondoka. Ila hii karatasi imepangwa kwa tarehe. Aliyeipanga hivyo ni nani?"

"Tumeipokea hivyo hivyo kutoka kwa mkurugenzi."

"Tarehe inaandikwa na saa ya kompyuta ya mtu mwenyewe. Unairudisha nyuma utakavyo, kama saa ya ukutani. Msiangalie tarehe. Angalieni lipi limemfuata lipi."

Belaynesh alifunga jalada. Alikuwa na miaka kumi na tisa kazini na hakupenda mtuhumiwa kumwelekeza pa kwenda. Lakini alikuwa na saa chache tu kabla ya saa kumi jioni, na hakuwa na mahali pengine pa kwenda.

*

Ofisi za Kokeb zilikuwa ghorofa ya nne karibu na Megenagna, na lifti ilikuwa imekufa. Sajini Habtamu, fundi wa kompyuta wa polisi, alipanda ngazi akihema kama mgonjwa wa pumu. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na saba, aliyeanza maisha kwa kuunga nyaya za simu, na kila ghorofa alisimama kutoa maoni.

"Kampuni ya mitambo ya kisasa. Inatengeneza kila kitu isipokuwa lifti yao."

Mkurugenzi, Bwana au, kama wasemavyo pale, Ato Dagmawi Kassahun, aliwapokea mlangoni. Sweta safi, sauti ya upole, maua ya manjano ya mwaka mpya kwenye glasi juu ya meza yake.

"Inspekta, heri ya mwaka mpya. Lakini mimi nilidhani tulishawapa kila kitu."

"Mlitupa karatasi. Sajini anataka kabati lenyewe." Belaynesh alimwonyesha amri ya mahakama.

Dagmawi aliisoma hadi mwisho, taratibu. "Hakuna shida. Karibuni. Ni jambo la kusikitisha mno. Ruhama alikuwa na kipaji."

"Siku alipoondoka, mlimfungia milango? Maana nasikia mtu anaweza kuingia hata akiwa nyumbani."

"Siku ile ile, saa kumi na moja jioni. Nywila, kadi, kila kitu. Nilisimamia mimi mwenyewe."

"Kwa hiyo baada ya tarehe ishirini na tisa hakuweza kugusa chochote."

"Hata herufi moja."

"Na kosa lenyewe, lile la kumeza makosa?"

"Tulishalirekebisha. Tarehe nne Pagume, siku moja baada ya msiba. Niliwaambia wenzenu."

Belaynesh aliyaandika yote mawili na saa aliyoyasikia. Akamwomba Dagmawi asome na kutia sahihi. Dagmawi alitia sahihi bila wasiwasi.

Habtamu alichukua nakala ya ghala zima la programu kwenye kifaa chake, akapiga lakiri nakala ya pili kwenye bahasha, kisha akakaa kwenye meza tupu ya pembeni na miwani yake ya kusomea. Nusu saa ilipita. Belaynesh alikuwa amesimama dirishani akiwatazama wafanyakazi. Walikuwa tisa. Wanane walikuwa wakimtazama kwa kuibia. Wa tisa, kijana wa shati la mistari aliyekaa karibu na choo, hakuwa ameinua kichwa tangu polisi waingie.

"Inspekta," Habtamu aliita kwa sauti ndogo. "Njoo umwone mtoto aliyezaliwa kabla ya mama yake."

Belaynesh aliinama kwenye skrini.

"Kila badiliko linapigwa muhuri wa herufi arobaini," Habtamu alisema. "Na kila badiliko limebeba ndani yake muhuri wa lile lililolitangulia. Ni mnyororo. Hili hapa la Ruhama, tarehe ishirini na tisa Nehase. Sasa tazama limebeba muhuri wa nani."

Belaynesh alisoma. Natnael Worku. Tarehe moja Pagume.

"Siku mbili baadaye," alisema.

"Siku mbili baadaye. Ruhama kalijua badiliko ambalo Natnael hajaliandika bado. Ama ni nabii, ama mtu kairudisha saa nyuma. Ndiyo maana karatasi yako ilipangwa kwa tarehe. Kwenye tarehe kila mtu amekaa mahali pake. Kwenye mnyororo, aibu tupu."

"Na baada ya tarehe ishirini na tisa hakuweza kugusa hata herufi moja," Belaynesh alisema. "Mkurugenzi katia sahihi. Hilo badiliko la Natnael lina nini?"

"Katoa mchanganuzi wa Ruhama. Kaweka mwingine kutoka maktaba ya bure ya mtandaoni, kazi za watu wa nje. Mzuri, mwepesi. Una miezi kumi na miwili."

"Natnael ni yupi?"

Hakungoja jibu. Kijana wa shati la mistari alikuwa ameshainuka kitini.

*

Walikaa naye jikoni, mlango umefungwa, kati ya jagi la maji na sahani ya bisi zilizolala tangu jana.

"Uliubadilisha mchanganuzi," Belaynesh alisema.

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Wa Ruhama ulikuwa mzito. Niliambiwa niongeze kasi. Niliujaribu huo mpya, ukapita majaribio yote."

"Uliujaribu kwa tarehe za Pagume?"

Natnael alifunika uso kwa viganja. "Ni siku tano, Inspekta. Siku tano katika mwaka mzima. Sikuzifikiria. Hospitali kubwa tarehe hujazwa na mashine yenyewe, kwa kalenda ya kigeni, kule hakukuwa na tatizo. Ni zile kliniki ndogo." Akashusha mikono. "Mimi ndiye niliyemuua yule mama."

"Wewe ulikosea. Nani kaua, bado sijajua. Ulipoweka huo wako, siku ile, nini kilitokea?"

"Ubao uliwaka wote. Nyekundu tupu, kliniki zote ndogo. Wakunga wakawa wanapiga simu benki ya damu, wanapata damu, lakini ubao ni mwekundu. Na wakaguzi wa wizara walikuwa waje keshokutwa. Nikamwambia bosi naurudisha wa Ruhama. Akasema niache, nikapumzike, nimechoka, yeye atalishughulikia. Tarehe mbili saa kumi na moja jioni nikavuta nakala mpya ya programu kwenye kompyuta yangu, nikapanda basi kwenda kwa wazazi, Debre Birhan. Nimerudi jana."

"Kompyuta yako iko wapi?"

"Nimeiacha nyumbani."

Belaynesh alitazama mkoba uliokuwa katikati ya miguu yake. Waya mweusi ulikuwa unachungulia kwenye zipu.

"Na huo waya unachaji nini? Bisi?"

Habtamu alikohoa. Natnael hakucheka. Alitazama mlango, akautazama mkoba, akautazama mlango tena.

"Bosi aliniambia jana niilete aifute, aiweke upya. Nikamwambia betri imekufa. Sijui kwa nini nilidanganya."

"Kule kwa wazazi uliiunganisha na mtandao?"

"Kijijini kwetu? Hata simu unaipandia mlimani. Na tangu nirudi sijaiwasha."

Habtamu alikuwa ameshanyoosha mikono miwili, kama mtu anayepokea mtoto mchanga. "Usiiunganishe na chochote," alisema. "Kila mwandishi wa programu ana nakala nzima ya historia, Inspekta. Kama mtu kabadili kumbukumbu hapa ofisini baada ya huyu kuondoka, hii mashine haijapata habari."

Akaiwasha. Walisubiri. Nje ya mlango viatu vilipita, vikasimama, vikaendelea. Habtamu alishuka na mnyororo hatua moja moja, midomo ikicheza bila sauti. Kisha akaigeuza skrini.

Mistari ilikuwa ile ile mitatu. Muhuri uliotangulia ulikuwa ule ule wa Natnael. Tarehe ilikuwa mbili Pagume, saa kumi jioni. Jina: Dagmawi Kassahun. Na maelezo mafupi chini yake: *Kwa muda tu, mpaka wakaguzi waondoke.*

Jagi la maji lilitoa mlio wa povu.

"Natnael," Belaynesh alisema, "mkurugenzi wako kaniambia mistari hii ilishaondolewa. Ni kweli?"

Natnael alitazama pembeni.

"Nimekuuliza. Bado ipo?"

"Sijaangalia. Naogopa kuangalia."

"Sajini."

Habtamu aliivuta kompyuta yake mwenyewe, akafungua fomu ile ile wanayoitumia wakunga. Jina la kliniki aliandika Majaribio ya Polisi. Chupa ngapi: moja. Kundi la damu: akafikiri kidogo, akaandika Z. Akabonyeza.

Skrini ikageuka kijani, laini kama majani machanga. *Ombi limepokelewa.*

"Damu ya kundi Z," Habtamu alisema polepole. "Sijui wataitoa kwa mnyama gani."

Belaynesh alikuwa ameshasimama. "Yaani hivi sasa, tunavyozungumza, ombi likikataliwa kwa sababu yoyote, mkunga anaambiwa limefika?"

"Sababu yoyote," Natnael alisema. "Seva ya benki ya damu ikizidiwa tu asubuhi, kosa la mia tano na tatu. Linatokea kila siku. Zamani skrini ilikuwa inawaka nyekundu, mkunga anarudia."

"Leo yametumwa mangapi?"

Natnael alitafuta kwenye kompyuta ya Habtamu. "Arobaini na matatu tangu alfajiri, ukiacha hili lenu."

Belaynesh alipiga simu benki ya damu. Karani wa zamu, mwanamke mwenye sauti ya mafua, alihesabu mara mbili. "Arobaini na moja, mama."

"Nisomee yote. Moja moja."

Karani alisoma, Natnael akakata kwa kalamu. Mikono yake ilikuwa imetulia sasa, kazi ilikuwa imemshika. Walipomaliza yalibaki mawili bila alama. Kliniki ya Akaki, saa tatu na dakika tano. Kliniki ya Yeka, saa nne na dakika ishirini. Saa ya ukutani ilikuwa tano kasoro dakika tisa.

Akaki walipokea mlio wa kwanza. Walichoka kungoja, wakamtuma dereva wao akachukue mwenyewe. Mgonjwa yuko salama. Yeka simu iliita, ikaita, ikakatika. Belaynesh akapiga tena. Mlio wa saba mtu akashika.

"Tuna shughuli hapa, piga baadaye."

"Hapa ni polisi, Inspekta Belaynesh. Mmeagiza damu asubuhi hii?"

"Ndiyo, chupa tatu, kundi O hasi. Fundi ujenzi kaanguka jukwaani. Tunasubiri gari."

"Msisubiri. Ombi halikufika."

"Limefika. Kompyuta imesema limepokelewa."

"Dada, nisikilize. Kompyuta inasema uongo. Mgonjwa anaweza kukaa muda gani?"

Sauti ya upande wa pili ikawa nyembamba. "Nusu saa. Labda."

Belaynesh alimwagiza karani atoe chupa tatu mlangoni, kisha akaita pikipiki ya doria iliyokuwa karibu zaidi na benki ya damu. Alitaja barabara, alitaja kundi la damu mara tatu, akamtaka konstebo mwendeshaji ayarudie maneno hayo mpaka akaridhika kwamba hakuna kosa.

Mlango wa jikoni ulifunguliwa. Ato Dagmawi alisimama pale na simu mkononi.

"Inspekta, naambiwa mnawapigia wateja wangu. Hii haimo kwenye amri ya mahakama."

"Izime programu yako."

"Siwezi. Kliniki mia mbili zinaitegemea. Nikizima, zote zitakuwa gizani."

"Ziko gizani sasa hivi, ila hazijui."

"Nimeshasema, lile kosa la Ruhama tulili..." Hapo akaiona kompyuta iliyokuwa wazi mezani. Hakumtazama Belaynesh. Alimtazama Natnael. "Nilikuambia uilete jana."

"Ndiyo," Belaynesh alisema. "Kasema hivyo. Nashukuru umenithibitishia."

Dagmawi alijaribu kukaa, akakosa kiti, akaegemea ukuta. Upole ulikuwa bado kwenye sauti yake, lakini umepauka.

"Ilikuwa siku mbili tu. Wakaguzi wapite. Nilidhani ni fujo ya ubao tu, nyekundu nyingi zisizo na maana. Mkataba na wizara unasainiwa Jumatatu. Watu tisa wanakula kwenye mkataba huo, Inspekta, na huyu Natnael mmojawapo."

"Tarehe tatu Etagegn alikufa. Ulipata habari siku hiyo hiyo, saa tisa, mkunga Lemlem alikupigia mwenyewe. Tarehe nne ukaingia kwenye mashine. Ungeweza kufuta mistari mitatu, Ato Dagmawi. Ulifuta jina."

"Ningeifuta, ubao ungewaka tena. Wangeuliza nani alikuwa ameuzima."

"Na leo fundi ujenzi wa Yeka analipa. Geuka, weka mikono nyuma."

Alipokuwa akimfunga pingu, Habtamu aliuliza kutoka mezani, "Nani anairudisha hiyo klasi kama ilivyokuwa? Huyu bwana kajenga mambo mengine juu yake. Ukivuta vibaya inadondoka yote, na hapo kweli zitakuwa gizani."

Natnael alitikisa kichwa. "Mimi sigusi. Ile klasi iliandikwa na mtu mmoja tu."

*

Ruhama aliletwa saa sita kasoro robo katika gari la polisi. Viatu vyake havikuwa na kamba, walizichukua mahabusu, na alipita kati ya meza za wenzake wa zamani akiburuza miguu. Hakuna aliyemwamkia. Mmoja alianza kuinuka, akakaa tena.

Belaynesh alimvutia kiti. "Sajini ana nakala ya kila kitu, na anarekodi. Si lazima ufanye hili. Ukitaka kwenda nyumbani, mlango ule pale."

"Kliniki ngapi zimepotea leo?"

"Mbili tulizozijua."

Ruhama akakaa. Alisoma kama dakika tano bila kugusa kitu. Mara moja alitoa sauti ya kudharau, tsk, akamwambia Natnael bila kugeuka, "Hata jina la mtoto wa mia tano na tatu umelikosea herufi." Natnael akasema samahani. Kisha vidole vyake vikaanza. Alifungua alichojenga Dagmawi, kipande kimoja kimoja, akaifuta ile mistari mitatu, akaurudisha mchanganuzi wake wa miezi kumi na mitatu, akaendesha majaribio, akasubiri, akaendesha tena.

"Sajini, agiza tena hiyo damu yako."

Habtamu aliandika Z. Skrini ikawaka nyekundu, mpaka miwani yake ikawa myekundu. *Ombi halikueleweka. Piga simu sasa.* Na namba, kwa tarakimu kubwa.

Simu ya Belaynesh ililia. Ilikuwa Yeka. Pikipiki ilifika na dakika nne mkononi. Fundi ujenzi yuko chumba cha upasuaji, mapigo yamerudi. Muuguzi alitaka kusema jambo jingine, akaanza kulia, akakata.

Ukutani ule ubao wa ripoti uliokuwa mtupu siku nane uliwaka taa moja nyekundu, upande wa Kolfe. Ikakaa nusu dakika, ikazimika: mtu kule ameona, amerudia, amesikika.

"Kuna jambo," Natnael alisema. Alikuwa ameshika karatasi iliyotoka kwenye mashine ya kuchapa, bado ya moto. "Nimelinganisha orodha zetu na zao kuanzia tarehe mbili Pagume jioni. Yaliyotumwa na hayakufika." Aliiweka mbele ya Belaynesh kama mtu anayeweka kitu kinachounguza. "Thelathini na moja."

Belaynesh aliisoma kutoka juu hadi chini. Kotebe ilikuwa ya tisa. Wale wengine, ukiacha Akaki na Yeka, hawakuwa wamelalamika kwa mtu yeyote. Labda walipiga simu wakapata. Labda walidhani ni uzito wa sikukuu. Labda walizika.

"Inspekta, unaweza kuniachia sasa?" Ruhama aliuliza.

"Umeshaachiwa. Nitampigia hakimu."

Ruhama aliinuka, akasimama na viatu vyake vilivyolegea, akaisoma ile karatasi juu ya bega la Belaynesh. Kisha akavuta simu ya mezani iliyokuwa karibu, akaweka kidole kwenye mstari wa kumi na sita. "Wewe anza juu," alisema. "Mimi naanza hapa."

Belaynesh alipiga namba ya kwanza. Akapokea mwanamume mzee, pengine mlinzi, pengine mganga mwenyewe.

"Habari za mchana, baba. Hapa ni polisi, Addis Ababa. Tarehe mbili Pagume, jioni, mliagiza damu chupa mbili, kundi A." Alishika kalamu. "Naomba kujua mgonjwa wenu anaendeleaje."

"Tarehe mbili," mzee alirudia. Ukasikika mlio wa daftari likifunuliwa. "Ngoja kidogo, mama. Ngoja nikamuulize muuguzi."

Simu ililazwa mezani. Belaynesh alisikia hatua zikienda mbali kwenye sakafu ya mbao, akangoja, kalamu ikiwa juu ya karatasi.